Ukuta wa Mlevi

Kanisa letu la Nchelenge limekwenda upande. Ukiingia kwa mlango mkubwa hulioni kosa. Unaona kuta nene za matofali ya kuchoma, ya udongo wa vichuguu, na madirisha ya upinde ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani yake. Lakini tembea mpaka altareni. Ukuta wa kusini umeishia kabla ya ule wa kaskazini, hatua nzima na zaidi, kwa hiyo ukuta wa nyuma ya altare ukajengwa mshazari ili kuta hizo mbili zikutane. Mabati nayo yalikatwa ngazi ngazi, na mvua ikija huwanyeshea waimbaji wa sauti ya pili, mimi nikiwa mmoja wao.

Tangu utotoni tuliuita ule mfupi ukuta wa mlevi. Fundi wake alikuwa Mkongo aliyevuka ziwa, na habari yake aliijua kila mtoto wa katekisimu: alilewa siku ya kupima msingi, padre mzungu akamfukuza, akaishia kujenga vyoo vya watu. Alikwisha kufa zamani. Mjane wake bado anasali nasi, na kila Jumapili anakaa chini ya ukuta huo huo. Tulikuwa tukimwangalia na kuchekeana, na sikuona haya hata kidogo.

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kwenye misa miguu yangu hutafuta njia. Mwaka huu parokia ilipotaka historia ya kanisa iandikwe ubaoni kabla ya paa kubadilishwa, niliidaka kazi hiyo, maana kuzunguka na kuuliza watu maswali ndicho kitu ninachokiweza. Nikaanza na baba yangu, mvuvi aliyestaafu, kwa sababu siku ya kupima alikuwepo.

Alinieleza vizuri kuhusu vichuguu, tanuri, na wanawake waliobeba maji kutoka ziwani. Nilipomuuliza juu ya mlevi akainuka, akaenda kutazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Akarudi, akaniambia niandike tu kwamba ukuta ulipinda. Nikakataa. Nikasema hiyo habari ya mlevi ndiyo watu watakayoisoma, mengine watayaruka. Hapo akakaa chini, akayamwaga yote bila kunitazama.

Kamba ya kupimia ilikuwa yake. Fundi aliazima kamba ya wavu, ya katani, iliyotoka majini asubuhi hiyo. Wakapima ukuta wa kusini, kamba mbili kamili, maji yakichuruzika. Jua likawaka, kamba ikakauka, na alasiri wakapima ukuta wa pili, kamba mbili vilevile. Kila mvuvi wa ziwa letu, Mweru, anajua kwamba katani ikilowa hufupika. Fundi alikuwa mtu wa bara huko Kongo, mbali na maji, hakujua. Baba alijua, na aliona vigingi havilingani, lakini mitumbwi ya kwenda kisiwa cha Chisenga ilikuwa inaondoka naye alitaka kuiwahi. Akanyamaza, akidhani watapima tena. Aliporudi kutoka kisiwani matofali yalikuwa yamefika magotini. Padre alipouliza ni nani aliyekosea, akanyamaza tena, safari hii kwa woga.

Kwa siku tatu sikutulia. Nilikuwa na hasira naye, na nilijionea aibu mwenyewe kwa vile vicheko. Nilimtaka aende kwa mjane. Akasema wafu wamepumzika. Nikamwambia mjane hajapumzika, na kwamba majuto ni mjukuu, na yeye, baba, wajukuu anao tisa. Hakucheka, lakini Jumamosi alivaa kofia yake akaniambia twende.

Tulimkuta mjane uani akimenya mihogo. Alitukaribisha, akampa baba kiti. Baba hakukikalia. Akasema kwa Kiswahili chake cha soko la samaki:

“Mama, bwana yako hakukosa. Ile kamba ilikuwa yangu, ilikuwa na maji. Nilijua, na nilinyamaza.”

Mjane aliweka kisu chini. Akauliza kama ni kweli kamba inaweza kufanya hivyo. Baba akaitikia kwa kichwa. Akauliza tena, kwa sauti ile ile, na baba akaitikia tena.

“Ile asubui alikunywaka kikombe moja ya pombe,” mjane akasema kwa Kiswahili cha Kongo. “Moja tu. Juu ya ile kikombe, aliamini ni yeye njo aliharibu nyumba ya Mungu. Hakukunywa tena mupaka siku ya kufa. Kila Kwarezima alipiga magoti pale ku ukuta, anaomba musamaha.” Akamtazama baba. “Sasa unaniletea miye ya nini? Ungemuletea yeye.”

Kisha akaokota kisu, akaendelea kumenya. Baba alibaki amesimama, kofia mkononi. Mimi niliyemsukuma kuja nilitamani tuondoke upesi, lakini hatukujua tuage vipi.