Tumaini na Malori ya Makambako

Darasa letu la tano lilinuka sweta zilizolowa ukungu na moshi wa kuni tuliotoka nao majumbani. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Njombe imetukakamaza vidole, na Mwalimu Mgaya, ili kutuchangamsha, akatusimamisha mmoja mmoja tuseme tutafanya kazi gani tukikua. Madaktari tulipatikana wa kutosha wilaya nzima. Marubani nao hawakukosekana, ingawa ndege tulizozijua ni zile zilizopita juu sana zikiacha mstari mweupe. Mimi nilisema daktari kwa sababu aliyenitangulia alisema daktari. Kisha akasimama Tumaini, msichana niliyekaa naye dawati moja.

"Nitaendesha lori," alisema.

Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Mwalimu akalinyamazisha darasa, akamuuliza kwa upole, "Kwa nini lori, Tumaini?"

"Ili nikutane na baba njiani."

Hakuna aliyecheka tena. Baba yake alikuwa dereva. Tulipokuwa darasa la tatu aliondoka na mzigo kwenda Tunduma, na hadi siku hiyo hakuwa amerudi.

Niliona aibu wiki nzima. Jumamosi, mama alipokwenda Makambako kuuza viazi, nilimwomba tumchukue na Tumaini. Mama akipanga ndoo zake sokoni, sisi tulikwenda kule malori yanakoegeshwa, kando ya barabara kuu. Tumaini alipita gari moja baada ya jingine, akinyoosha shingo kutazama nyuso za madereva. Mzee mmoja aliyekuwa akifuta kioo akatuona.

"Mnamtafuta nani, wanangu?"

Tumaini akataja jina la baba yake. Mzee akatikisa kichwa. "Simfahamu, mama." Nadhani ni machozi ya Tumaini yaliyomfanya afungue mlango na kumnyanyua hadi kwenye kiti chake. Tumaini alishika usukani kwa mikono miwili, akaacha kulia. Aliposhuka alininong'oneza, "Ukiwa kule juu unaona mbali."

Leo mimi ni fundi cherehani mjini Njombe. Damu siwezi hata kuitazama. Tumaini anaendesha lori la parachichi. Mwaka jana alinipa lifti hadi Makambako, nami nikapata ujasiri wa kumuuliza kama alimwona baba yake.

"Nilimkuta Tunduma. Ana familia nyingine. Tulikunywa chai, akanisindikiza hadi kwenye gari."

"Na hukutaka kuiacha kazi hii?"

Akanishangaa. "Niiache kwa nini, dada? Naipenda."

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Kwenye simu yangu anaona kazi ambazo sisi hatukujua hata majina yake, na kila wiki anachagua nyingine. Zamani ningemwambia ashike moja, tena yenye heshima. Siku hizi namuuliza kinachomvutia huko ni nini, kisha nasimamisha cherehani nimsikilize.