Urefu wa Kuti

Miaka ya themanini, hoteli zilipokuwa zikijengwa mfululizo pwani yetu, nilikuwa nikiuza makuti Malindi. Mimi ni mtu wa bara, na kwetu hakuna mnazi hata mmoja. Mume wangu alihamishiwa kazi Garissa, barua zikawa chache, nami nikaanza kununua makuti yaliyoshonwa vijijini na kuwauzia wajenzi. Kuyashona sikujua. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza.

Mshindani wangu alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Adu, mrefu, aliyenizidi umri, aliyeshona makuti tangu utotoni. Hatukuwa tukisalimiana. Yeye aliwaambia watu kwamba makuti yangu yanavuja, nami niliwaambia kwamba yake yana mchwa. Sote wawili tulikuwa tukikisia.

Mwaka mmoja mjenzi wa hoteli huko Bofa alitaka kuezeka ukumbi wa kulia chakula kabla ya msimu wa wageni. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa muuzaji mmoja, basi akaagiza kwetu sote bila kutuambia. Mafundi walipopanda juu wakakuta makuti ya yule mama ni marefu na yangu ni mafupi, na paa likawa linapanda na kushuka. Mjenzi akaamuru yote yateremshwe. Yakarundikwa nje ya lango, tukaletewa habari kwamba tukayachukue.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chama cha wafanyabiashara kumshtaki mshindani wangu. Chama kilikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa, na mwenye duka, mzee wa mjini aliyezaliwa mtaa huohuo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwenye ngazi nikamkuta yule mama. Alikuwa amekuja kunishtaki mimi. Tulipanda pamoja kwa sababu ngazi ilikuwa moja.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Nani ameanza?"

"Yeye," tukajibu, vilevile kwa pamoja.

Alitusikiliza bila kuinua kichwa, kisha akaita kamati baada ya sala ya Alasiri. Walikuja mwenye duka la vyuma, muuza unga na mwenye mkahawa. Mwenyekiti akauliza kuti la Malindi lina urefu gani.

"Kiasi cha mkono," akasema yule mama.

"Mkono wa nani?"

Akaunyoosha wake. Mwenye duka la vyuma akaunyoosha wake, ukapungua kidogo. Nikaunyoosha wangu, ukapungua zaidi. Muuza unga naye akajaribu, ingawa hakuuza makuti. Kwa kitambo kizuri wakuu wa biashara wa mji wetu walikaa mezani wamenyoosha mikono.

"Serikali inatumia mita," akasema mwenye duka la vyuma.

"Mita siijui mimi," akasema yule mama. "Na mnazi hauijui."

"Mnunuzi anaijua," akasema mwenyekiti, "na paa ni lake."

Ikapitishwa kwamba kuti la biashara liwe mita moja. Mwenyekiti akateremka dukani, akaleta utepe wa kupimia nguo, akatuonyesha mita inapoishia.

Kesho yake alitupeleka Bofa kwa gari lake, sote wawili kiti cha nyuma, kila mtu akitazama dirisha lake. Alizungumza na mjenzi kwa adabu na kwa muda mrefu sana, akaulizia wazazi wake, mvua ya mwaka ule na afya ya mafundi, hadi yule bwana akakubali kungoja makuti yarekebishwe.

"Chama kinawadhamini," mwenyekiti alimwambia.

Tulipotoka alituambia kwamba chama hakijawahi kumdhamini mtu, kwa hiyo tusikizoeze vibaya.

Tukakaa pale nje ya lango kufanya kazi. Yeye alikata fito zake ndefu, zile zinazoshonewa majani, zifike mita. Yangu ilibidi yafumuliwe na kushonwa upya juu ya fito za mita. Nilichukua jani la mnazi nikalishika. Akanitazama.

"Wewe hujui kushona."

"Sijui, dada."

"Na miaka yote hii unauza?"

"Nauza."

Nilingoja anicheke. Alikata ufito mwingine kwanza.

"Nami sijui kuuza," akasema. "Mtu akitaja bei naona haya, nakubali. Njoo, kunja jani hivi."

Tulishona hivyo siku kadhaa. Siku moja akaniuliza habari za mume wangu. Nikamwambia huwa anaandika.

"Anaandika nini?"

"Kwamba Garissa kuna joto."

"Hilo lajulikana, mdogo wangu," akasema, akanipa jani jingine.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka nami nimeacha kucheka. Yeye aliendelea kushona. Mlinzi wa lango alitaka kuja kuuliza kuna nini, dada akamwashiria kwa kichwa abaki pale alipo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nihamie pwani kulia mbele ya mtu.

Paa likapanda, likanyooka. Hoteli moja ya Kikambala ikatuagiza, mara hii kwa jina moja, yeye akisimamia kushona na mimi nikitaja bei, yeye akiwa mbali asisikie.

Kwenye mkutano wa mwaka wa chama tulikaa safu ya nyuma. Mwenyekiti akasoma ripoti, akafika kwetu, akasema, "Suala la makuti limekwisha," akaendelea na suala la mtaro wa sokoni, ambalo lilikuwa refu. Dada yangu wa Adu akaniinamia, akaniuliza kwa kunong'ona kama chai ni kabla ya mtaro au baada yake.

"Baada," nikamwambia.

Akavua viatu, tukakaa kungoja.