Akiba Yetu Tuliigeuza Mbuzi

Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza wakati mzungu wa shamba la pareto alipozungusha seng'enge kwenye kilima chetu, hapa Kingi. Maharagwe yangu yalibaki ndani, mimi nikabaki nje. Ili nifike shambani kwangu ilinibidi nizunguke kilima kizima, asubuhi yote inaisha njiani, na baadaye nikiwa na mtoto mgongoni. Tulimlalamikia chifu. Chifu alisema ameandika barua. Labda aliandika.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Wanawake wa Kingi tulikuwa na vitabu vya kese ya akiba, benki ya serikali kule Sake. Padri alituhimiza sana, eti mkristo mwema huweka kesho yake mahali salama. Basi kila tulipouza viazi sokoni tuliacha kidogo dirishani kwa ajenti, mzungu wa kese. Siku moja, nikiwa kwenye mstari, niliona tangazo jipya ukutani, la Kifaransa. Wenzangu waliona karatasi tu. Mimi nimefika sekondari. Masista walinichapa vidole kwa rula mpaka Kifaransa kikaingia. Nikasoma. Kese ilikuwa inajisifu kwamba akiba ya wenyeji hukopeshwa mashamba makubwa, yapate ng'ombe, mashine na seng'enge.

"Inasema nini, dada?" aliniuliza jirani yangu, mjane ambaye shamba lake linapakana na langu.

"Inasema tulinunua seng'enge."

"Sisi? Ya kufanya nini?"

"Ya kujifungia nje."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Kutoa pesa yangu mwenyewe, niliyoilimia kwa mgongo wangu, nilihitaji sahihi ya mume. Mume wangu ni mwalimu wa misheni, mtu wa amani.

"Mama, unataka wanifukuze kazi?"

"Papa, wakikufukuza tutakula nini?"

"Maharagwe."

"Na maharagwe iko wapi?"

Akachukua kalamu.

Wenzangu nao walizipata sahihi za waume zao. Lakini pesa tuipeleke wapi? Pesa ikilala nyumbani, mashemeji wote wanaanza kuugua. Hapo tulikumbuka jambo ambalo mama zetu walilifanya kabla kese haijafika. Unanunua mbuzi, unamweka kwa mwenzako. Yeye anamchunga, anapata mbolea, na mtoto mmoja wa mbuzi huyo anakuwa wake. Kukataa mbuzi wa mtu ni tusi, na kumrudisha kabla hajazaa ni tusi kubwa zaidi. Kwa hiyo mbuzi wa mjane walikuja kwangu. Wangu niliwapeleka kwa mama yangu Kibua, kule msituni nilikozaliwa, siku kadhaa kwa miguu. Na wengine vilevile, kila mmoja kwa mwenzake. Aliyetaka kuuza kimyakimya na kurudi dirishani kwa ajenti alipaswa kwanza kumwangalia mwenzake usoni. Hakurudi hata mmoja. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Sitadanganya, pesa yetu ilikuwa ndogo. Kese haikutetemeka kwa ajili ya viazi vyetu. Ila mstari wa wanawake wanaotoa, soko baada ya soko, unaonekana. Walimu na waganga wa zahanati wakaanza kuuliza maswali dirishani: kuna nini? Mbona hawa mama wanatoka? Hao ndio waliokuwa na pesa ya maana.

Ndipo ajenti mwenyewe akapanda mpaka Kingi na karani wake. Nilikuwa nimekaa mlangoni, ninanyonyesha, mjane yuko kando yangu. Sikusimama.

"Bwana anauliza, pesa mulificha wapi?" akasema karani.

"Iko pale, inakula majani," mjane akamjibu. "Ile nyeusi njo yangu. Umuambie aisalimie."

Karani akakohoa, akashindwa kutafsiri. Nikamjibu mzungu mimi mwenyewe, kwa Kifaransa, karani asije akalainisha maneno: rafiki yako wa pareto afungue njia kwanza, halafu tuzungumze. Alinitazama kama vile mbuzi ndiye aliyesema.

Hazikupita wiki nyingi, seng'enge ikakatwa upande wetu, upana wa mwanamke mwenye kikapu. Hakuna aliyesema samahani. Kule Sake wanaume wanasema ni barua ya chifu iliyofanya kazi. Waseme. Barua hiyo ililala wapi wakati mimi ninazunguka kilima na tumbo?

Wenzangu wachache wamerudisha kidogo kwenye kese, na siwalaumu. Mimi sijarudisha. Kilima hakijawa chetu tena, najua, na hasira yangu haijapoa. Lakini napita katikati, mchana kweupe, mtoto mgongoni. Msimu huu nimepanda maharagwe mpaka kwenye nguzo za mzungu. Yamepanda juu ya seng'enge yake, na mimi sikuhangaika kukata hata mti mmoja wa kuyaegemeza.