Upande Mmoja wa Gari la Baba

Daktari wa macho alimwambia babangu asiendeshe gari tena, na babangu akaitikia vizuri kabisa. "Nimesikia, daktari," akasema. Akashukuru, akapokea dawa yake ya matone, tukatoka. Mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa hiyo nilikuwa ubavuni pake wakati daktari akieleza kwamba hiyo ni presha ya macho, kwamba alichokwisha kukipoteza hakirudi, na kwamba kazi ya matone yale ni kulinda kilichobaki. Nilingoja Baba aulize swali. Hakuuliza. Tulipofika nyumbani Kiembeni alikunywa chai yake, akatoka uani, akalizunguka gari lake polepole huku akilipapasa. Aliporudi ndani alisema, "Gari hili nitalipiga rangi."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Babangu alikuwa dereva maisha yake yote. Aliendesha malori ya makontena kutoka bandarini kwenda bara tangu mimi sijazaliwa, na alipostaafu alinunua gari dogo la buluu, kuukuu, ambalo lilitupeleka kanisani, sokoni, na kwetu Kaloleni kwenye matanga na arusi. Hewa ya chumvi ililila polepole. Kwanza milango chini, kisha mdomo wa buti, kisha paa likaanza kupauka kama nguo iliyosahauliwa kambani. Miaka yote hiyo hakulijali. Sasa kwa kuwa haruhusiwi kulitia barabarani, ndipo alipotaka lipendeze.

"Baba, tuwape mafundi," nilimwambia kesho yake. "Bombolulu wako wengi, na wana mahali pao pa kazi."

"Lori langu la kwanza nililipiga rangi mwenyewe."

"Ulikuwa kijana."

"Na wewe ulikuwa hata hujazaliwa," akasema, akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Mama alikuwa amekwisha ficha funguo kwenye debe la unga. Alizificha siku ileile tuliyotoka kwa daktari, akijiandaa kwa ugomvi. Ugomvi haukuja. Baba hakuziulizia hata mara moja, na jambo hilo lilitutia hofu kuliko kama angepiga kelele. Mama aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, "Afadhali angenitukana."

Basi kazi ikaanza, na lazima niseme ukweli, ilianza vizuri. Baba aliliosha gari kwa sabuni ya unga, akalifuta lote kwa kitambaa kilicholowa thina ili mafuta yatoke, maana rangi haishiki penye mafuta. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Palipotoboka alipaka puti, ikakauka, kisha akachukua msasa na ndoo ya maji, akawa anasugua taratibu, msasa mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho. Alikuwa akifumba, anapitisha ncha za vidole, anasikia palipoinuka, mahali ambapo hata mimi ninayeona nisingepajua. "Njoo ushike hapa," ananiita. "Abee, Baba," naja, nashika, sisikii kitu. "Kuna kilima hapo," anasema, anaendelea kusugua.

Siku hizo alilala vizuri. Alikula vizuri. Mama alianza kumpelekea maji ya ndimu uani bila kuombwa. Nami nilikuwa nikirudi kazini jioni namkuta amekaa kwenye kigoda, miguu imejaa matope ya puti, anapiga mluzi wa nyimbo za kwaya, na nikawa nasema moyoni huenda ndivyo atakavyoizoea hali yake.

Rangi ya chini, ile ya kijivu, aliipuliza asubuhi moja isiyo na upepo, gari likiwa wazi uani. Alikuwa amekodi kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, na bunduki ya kupulizia rangi. Kabla ya kuanza alifanya mambo yote kama inavyotakiwa. Alitoa betri ili pasiwe na cheche, akaiweka mbali. Alimwambia Mama azime jiko. Alinituma kwa majirani niwaombe waanue nguo na wawaweke watoto ndani. Makopo ya thina aliyaweka kivulini yakiwa yamefunikwa, na karibu yake ndoo ya mchanga, kwa sababu, alisema, moto wa thina haumwagiwi maji. Vioo, taa na magurudumu tulivifunika kwa magazeti na utepe wa karatasi, mimi nikibandika, yeye akipitisha kidole kukagua kama pembe zimeshika.

Ilipokauka niliona mapengo. Mlangoni palikuwa na mahali ambapo bunduki haikupita kabisa, na kwenye boneti palikuwa na mstari mpana wa chuma kitupu. Tena vumbi la barabarani lilikuwa limenata kote, na wadudu wadogo wamekufa humo kwa mamia.

"Imeshika?" akaniuliza.

"Kuna mahali umeruka, Baba."

"Wapi?"

Nikamshika mkono, nikamwonyesha. Akapapapasa pale kwa vidole. Kisha akasema, "Basi siku ya rangi yenyewe utasimama uniambie. Wewe utaona, mimi nitapuliza." Alisema kama mtu anayegawa kazi, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikiri kwa kinywa chake.

Kwa ajili ya vumbi, aliamua rangi ya buluu ipigwe ndani. Gari tulilisukuma hadi kwenye banda la mabati, na Baba akafunga maturubai pande zote mpaka chini, akaacha mwanya mmoja wa kupita. Nilimwambia humo hamna hewa. Akasema hewa ndiyo inayoleta vumbi. Rangi hii ilikuwa ya kuchanganya na dawa ya kuikaza, na mwenye duka la vifaa alikuwa amemsisitizia avae barakoa ya mpira yenye vichujio viwili. Baba alinunua moja, na miwani ya kuziba macho. Mimi nilivaa kibarakoa cha kitambaa kilichobaki tangu siku za korona. "Wewe kaa kwenye mwanya," akasema, "usiingie ndani."

Kompresa ikawashwa. Nilimwona akiingia na glavu zake na shati la zamani la kazi lenye mikono mirefu, amejifunika uso mzima, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule dereva wa zamani, mtu wa mabega mapana anayejua anachokifanya. Alianzia upande wa kushoto. Bunduki ikawa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na buluu ikatokea juu ya ule ukijivu, mbichi, yenye kumeremeta. Ilikuwa nzuri. Sitasema vinginevyo.

"Chini kidogo, Baba! Chini!" nilipiga kelele.

Hakusikia. Kompresa ilikuwa ikinguruma kwenye mabati. Alisimama, akageuza kichwa.

"Chini ya kitasa! Umeruka!"

Akaivuta barakoa. "Wasemaje?"

"Chini ya kitasa! Vaa barakoa!"

Akairudisha, akapuliza chini ya kitasa, akapitiliza, akarudi palepale mara nyingi mno, rangi ikawa nzito, ikaanza kutiririka michirizi. Nikapiga kelele tena. Akavuta barakoa tena. Miwani nayo ilikuwa imeshika ukungu kwa joto, na nuru kidogo iliyobaki machoni mwake ikawa haifai kitu. Akaipandisha miwani kwenye paji la uso. Mwishowe barakoa ikawa inaning'inia shingoni.

"Baba, vaa!"

"Nikivaa sioni," akasema, akinigeukia, macho yake yakiwa mekundu. "Nikivua navuta sumu. Sasa wataka nifanyeje?"

 Hata leo natafuta jibu ambalo ningempa.

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu. Alisema, "Mwambie aache." Nikamwambia, "Mwambie wewe." Alimwita kwa jina alilokuwa akimwita walipokuwa wachumba, jina ambalo sisi watoto hatulitumii. Baba aliinua mkono, kama kusema ngojeni nimalize mlango huu. Nilikwenda kwenye kompresa nikaizima. Kimya kilipoingia ndipo tulipokisikia kifua chake. Kilikuwa kikipiga filimbi.

Alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akasema ni vumbi tu, apewe maji. Nilimpa. Hakuweza kuyameza. Alishika magoti kwa mikono miwili, shingo imekaza, anavuta pumzi na pumzi haiji, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Mama alikuwa akimpepea kwa kanga huku akiomba kwa sauti. Nami nilisimama nikilitazama gari. Gari lilikuwa palepale, hatua chache tu, na halikuwa na faida yoyote: halina betri, vioo vimezibwa kwa magazeti, funguo zimo kwenye unga, na dereva pekee wa nyumba hii ndiye aliyekuwa akikata roho mbele yetu. Mimi sijui kuendesha. Baba alitaka kunifunza miaka mingi, nikawa nasema kesho.

Nilikimbia nje. Jirani yetu mmoja, mtu wa bara, huegesha tuktuk yake ya magurudumu matatu hapo langoni mchana akipumzika. Aliniona tu uso wangu akawasha. "Lete mzee nyuma," akasema, "mama akae na yeye amshikilie. Wewe kaa hapa mbele." Njia nzima sikugeuka kumtazama Baba. Nilisikiliza ile filimbi, na kila tuliporuka tuta nilingoja kusikia kama bado ipo.

Hospitalini walimwekea oksijeni na mashine ya mvuke wa dawa. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alitazama zile glavu zilizolowa rangi ya buluu ambazo hakuna aliyekumbuka kumvua, akauliza, "Mlikuwa mnapiga rangi ndani?"

"Bandani," nikasema. "Tulifunga maturubai."

"Ile ya kuchanganya?"

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba ile dawa ya kukazia huwa inafunga kifua kwa baadhi ya watu, hasa pasipo hewa ya kupita, na barakoa ya kitambaa kama yangu haizuii chochote. Mtu kifua chake kikishaikataa rangi ya aina hiyo, huenda hata harufu ndogo siku nyingine ikamwangusha vilevile. "Asiisogelee tena," akasema. Nikaitikia. Lilikuwa katazo la pili kupewa babangu mbele yangu ndani ya msimu mmoja, na mara zote mbili kazi yangu ilikuwa kubeba karatasi ya dawa.

Baba alirudi nyumbani baada ya siku chache, amedhoofu, sauti imekauka. Huku nyuma upepo ulikuwa umefungua turubai. Majani ya mwarobaini yalikuwa yamenata mlangoni kwenye rangi mbichi, yakakaukia humo, na michirizi imeganda chini ya kitasa. Upande wa kushoto ulikuwa buluu. Upande wa kulia ulibaki kijivu na mapengo yake. Nilikuwa nimeirudisha kompresa na kumpa jirani zile thina, na magazeti nikayabandua, nikidhani nikisafisha pale hatakuwa na la kuuliza.

Aliuliza. Alinitaka nimpeleke bandani. Alipitisha vidole mlangoni, akafika penye michirizi, akasimama hapo. Akafika kwenye majani. Akajaribu kubandua moja kwa ukucha, likatoka na rangi.

"Upande wa pili?" akasema.

"Upande wa pili hukuufikia, Baba."

"Buluu yake ikoje?"

Nilimwambia ni nzuri, na ilikuwa nzuri, pale isipotiririka. Alitingisha kichwa akarudi ndani, na tangu siku hiyo hakuenda tena bandani.

Tulimleta fundi mmoja kutoka Bombolulu aimalizie kazi. Alisema ile buluu lazima ikwanguliwe yote, aanze upya kwenye chuma. Baba, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani, alisema hapana, liacheni. Alisema kwa upole. Mama alijaribu tena baada ya wiki kadhaa, akapata neno lilelile. Mtu wa Likoni alikuja kutaka kulinunua, akasimama muda mrefu akitazama huku na huku kama aliyeletwa kutazama magari mawili, akaondoka bila kutaja bei. Ukijivu umeanza kutoa kutu mpya. Sisi wenyewe hatujui la kufanya nalo, na tumeacha kulizungumzia.

Macho yake yameendelea kufifia, pamoja na matone na yote. Jumapili huenda kanisani kwa miguu, maana si mbali. Hashiki fimbo. Huweka mkono begani mwangu, mimi natangulia, na njiani watu wanamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye anaitika "Marahaba" kwa kila sauti, akijitahidi kuwaelekea. Mara nyingine natembea upesi mno, mara nyingine nasimama ghafla kwa sababu ya pikipiki, ananigonga mgongoni, tunaombana radhi. Kuongozwa na yeye nilijua tangu utotoni. Hili la kwenda mbele yake bado sijalizoea.