Nilifundisha judo Malaba, wote wakataka mateke

Wakuu, salamu kutoka Busia. Leo naandika nikiwa na hasira, lakini yote haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Mjukuu wangu ameacha judo juzi. Eti "tunaangushwa tu, hatufundishwi mateke." Nilikasirika mpaka chai ikapoa.

Maana maneno hayo hayo niliyasikia Malaba mpakani, miaka ya sabini.

Nilikuwa clearing agent, kazi yangu kupitisha karatasi za malori forodhani. Judo nilijifunza Mombasa nikiwa kibarua bandarini. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kushikana mashati na kila dereva. Baada ya hapo, dereva akinitukana napumua kwanza, kisha namwambia asubiri zamu yake. Hata mgongo uliacha kuuma.

Nikaona nifundishe wengine. Tukajaza maganda ya kahawa kwenye magunia, tukayatandika nyuma ya duka moja. Mataniboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wakafurika.

Balaa likaanza. Wote walikuwa wameona filamu za karate, wanataka kuruka na kupiga teke hewani. Mimi nafundisha kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige chini, ubingirike. Kila jioni hiyo hiyo.

Kinara wa kulalamika alikuwa Barasa, taniboi wa lori la chumvi.

"Mwalimu, kuanguka hata mlevi anajua! Sisi tunataka mateke!"

Wakanibandika jina, Mwalimu wa Kuanguka. Hata mama wa hoteli akinimiminia chai ananiuliza kama leo nimeanguka salama. Barasa akaacha, wenzake wakamfuata. Iliniuma sana, sitaki kuwadanganya.

Sasa, asiyejua kazi ya taniboi wa zamani asikie. Alikuwa anakaa juu ya mzigo. Lori likishindwa na mlima likaanza kurudi nyuma, anashuka mbio na gogo aliweke nyuma ya tairi. Anashuka likiwa linatembea! Wengi walivunjika, na wengine tuliwazika.

Siku moja ya mvua, kwenye foleni ya forodha, lori la Barasa likaanza kurudi nyuma. Akashika gogo, akateleza juu ya turubai, akaja chini kichwa mbele. Mimi nimesimama pale pale na karatasi zangu. Nilijua amekufa.

Kidevu kikaingia kifuani. Mkono ukapiga lami, paa! Akabingirika, akaokota gogo, akaliweka nyuma ya tairi. Lori likasimama.

Jioni ile magunia yakajaa watu. Mnadhani walikuja kuomba msamaha? Wapi!

"Mwalimu, sasa tuanze mateke!"

Nilitaka kulia. Lakini Barasa, mkono umevimba, akavua viatu akasimama mbele yao.

"Nyamazeni. Kila mtu alale chini, tuanze na kidevu."

Wakuu, mimi judo ilinipa utulivu na mgongo mzima. Kufundisha kulinipa kitu kikubwa zaidi, kumwona Barasa akizeeka.

Na huyo mwalimu aliyekimbiwa na mjukuu wangu ni mtoto wa Barasa. Jana kanipigia simu, sauti imechoka kabisa.

"Mzee, hawa watoto wanataka mateke. Wewe ulifanyaje?"

Nikamwambia asubiri, niwaulize ninyi kwanza. Wenye watoto wa aina hii, nisaidieni hapo chini.