Waya wa Nne wa Rugenge

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka ninaacha hata ugali sahanini. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Rugenge, weye uko bado mgongoni mwangu. Baba yako Elia, fundi wa umeme, akarudi kutoka kwenye transfo, ile mashine ya kugawa umeme wa mtaa, akatupa koleo chini, akaniambia:

"Waya wa nne unaungua, mama."

Nikashangaa. Nyaya tatu zinazoleta umeme si alizipima zote, zikawa nzima? Akanieleza pole pole, alikuwa na subira yule mtu. Taa za zamani na pasi zinavuta umeme bila haraka, na umeme wa nyaya hizo tatu ukifika kwenye waya wa nne, ule wa kurudi, unafutana, waya huo haubebi kitu. Lakini chaja za batri na televizheni zilizojaa mtaani zinaunyakua vipande vipande. Vipande hivyo havifutani, vinajazana kwenye waya wa kurudi. Ndiyo maana transfo ilinguruma na kuchemka.

Akaenda kwenye mkutano wa avenyu, wa watu wa barabara yetu, akaomba nusu ya chaja zihamishiwe transfo nyingine na waya ule uwekwe mnene. Wakamcheka! Chefu wa avenyu, mkubwa wao, akazipima nyaya tatu mwenyewe.

"Iko sawa. Weye Elia unatutafutia kazi ya bure."

Ule wa nne hakuugusa.

Jumapili moja, watu wako kanisani, waya ule wa nne ukakatika. Umeme ukakosa njia ya kurudi, ukapanda majumbani, friji zikafa, paa la jirani yetu likaungua lote. Na unajua majirani walisema nini?

"Ni Elia. Aliukata ili aonekane alisema kweli."

Loo! Wakatufukuza kwa mawe. Tukaenda kulima mpunga Luberizi, na baba yako akafa huko na jina la mharibifu.

Juzi nilipita Rugenge na pikipiki. Transfo mpya iko pale, na waya wa nne ni mnene, vile vile alivyoomba. Nikamuuliza yule chefu, sasa mzee, nani aliwafundisha.

"Mainjinia tu, mama."

Minye sijamusamehe, nisikudanganye.

Sasa unakwenda kujifunza kazi ile ile ya baba yako. Mutu akikuambia kitu kinachemka, kiangalie pale anapokuonyesha, si pale unapopenda weye. Ukishapima nyaya tatu, pima na wa nne. Mungu akupe macho ya baba yako, mwanangu, na akuepushe na majirani zake.