Madebe Yasiyojaa

Zamani za Mwingereza, mchota maji wa Temeke hakujaza madebe yake hata siku moja. Alikuwa akiacha vidole vinne vitupu juu, ndipo anautia mti wa mzegazega begani na kuja kutoka kisimani akiimba kwa sauti ya kukwaruza, akikata kiuno, maji yakicheza ndani bila kumwagika. Bi Tunu, mteja wake, akachoka. “Mie nanunua maji, sinunui hewa. Kesho jaza pomoni!”

Kesho yake akajaza pomoni. Akaja ananyata kama bibi harusi, kimya, macho kwenye maji. Majirani wakatoka vibarazani: “Jamani, kafiwa?” Bi Tunu akashindwa kuvumilia. Akachukua kata, akapunguza kila debe, akamwagia mchicha wake. “Haya, mwanangu, rudi mpaka kona, uje unavyokujaga.”